Kifua cha binti yako kiko salama, mimi nina wasiwasi na masikio yake

"Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Mwezi wa tatu alichaguliwa kwenye bendi ya shule akapewa tarumbeta, na analipenda kuliko kitu chochote. Shida iko nyumbani. Mama mkwe anasema kupuliza kutampasua kifua na kumshusha kizazi. Baba yake anasema hizo ni kazi za wahuni wa harusini. Mtoto alikuwa na pumu tangu mdogo, bado anatumia dawa ya kuvuta mara mojamoja. Tena tarumbeta lenyewe wanapuliza watoto watatu kwa zamu, naogopa TB. Mazoezi ni siku nne kwa wiki, na Jumamosi nyingine wanapelekwa kupiga kwenye mahafali na sherehe za watu. Nimtoe au nimwache? Ah, na siku hizi akirudi mazoezini anasema masikio yanavuma kama friji, ila asubuhi huwa yametulia."

Dada yangu, hofu ulizoniandikia ni tano na kila moja ina mwenyewe. Mama mkwe ana kifua na kizazi, mumeo ana uhuni, wewe una pumu na TB. La sita hukulihesabu, umelitupia mwishoni baada ya "ah", na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika jibu refu. Tutalifikia.

Kwanza ujue anayekujibu. Nilianza kupuliza nikiwa na miaka 11 kwenye kwaya ya matarumbeta ya usharika wetu wa Kilutheri, Kilimanjaro, na nimefundisha bendi za shule kwa zaidi ya miaka 20. Si daktari. Ninayoyasema kuhusu mwili ni yale ambayo mwalimu wa bendi anayewajali watoto analazimika kuyajua, na pale ninapoishia nitakwambia nenda hospitali.

Tuanze na bibi, maana nyumbani kwenu nadhani neno lake lina uzito. Yeye anamwona mtoto amekunja uso, mishipa ya shingo imemtoka, basi anaamini lile chuma linajazwa upepo kama tairi mpaka lilie. Sivyo. Tarumbeta linalia kwa midomo. Leo jioni mwambie binti yako achomoe kile kikombe kidogo cha mbele, kipulizio, akibandike midomoni akipulize peke yake bila tarumbeta. Utasikia mlio kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Ule mtetemo wa midomo ndio sauti yenyewe. Bomba la shaba, ambalo ukilinyoosha linakaribia mita moja na nusu, kazi yake ni kuuchuja ule mvumo na kuukuza, na zile vali tatu anazobonyeza zinaongeza urefu wa njia ya hewa ili sauti ishuke. Pumzi ni ya kuitikisa midomo tu. Hewa inayopita ni kidogo kuliko bibi anavyodhani, ila inatakiwa itoke kwa utulivu na bila kukatika.

Sasa mbona mishipa inatoka? Kwa sababu bado anajifunza. Mwanafunzi ambaye misuli ya midomo haijakomaa hufidia kwa mabavu: analigandamiza tarumbeta usoni, anakaza koo, anajaza mashavu. Mtazame midomo baada ya mazoezi. Ukikuta duara jekundu lililochimba, anabonyeza mno. Dizzy Gillespie wa Marekani alipuliza na mashavu yaliyovimba kama chura na akawa mmoja wa wakubwa wa jazi, lakini huyo alikuwa Gillespie, na mimi sijawahi kumfundisha mtoto apulize hivyo. Dawa yake ni vipindi vifupi, dakika 15 za kupuliza na 5 za kupumzisha mdomo, na noti za chini kwa miezi mingi kabla ya kukimbilia za juu.

Siwezi kumwambia bibi kwamba hakuna shinikizo kabisa. Lipo. Mpigaji mzoefu anapoishikilia noti ya juu sana, shinikizo la hewa mdomoni mwake linaweza kupita lile la damu ya mtu mzima mwenye afya. Ndiyo maana wengine huona nyota wakayumba. Mwenye kizunguzungu akae chini, atulie, asimalize wimbo kwa ushujaa. Ila huko ni mbali na mtoto wa kidato cha kwanza anayepiga Mungu Ibariki Afrika kwa noti za katikati. Mapafu yake hayapasuki. Kuhusu kizazi, kinachokishusha hasa ni uzazi, umri, kikohozi cha miaka na kubeba mizigo mizito mno. Ndoo za maji alizobeba bibi ujanani zilimkaza tumbo kuliko tarumbeta litakavyomkaza mjukuu wake. Unaweza kumwambia hivyo, kwa adabu.

Wapo watoto ambao nisingewapa tarumbeta kabla daktari hajasema ndiyo: aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au jicho karibuni, mwenye ngiri inayoonekana, mwenye presha ya macho. Mwenye seli mundu naye aongee na kliniki yake. Kwake kupuliza si tatizo kubwa kama saa tatu za jua bila maji.

Pumu. Nimefundisha watoto wengi wenye pumu, na sikumbuki aliyeshindwa kwa ajili ya tarumbeta. Kinachowaangusha ni vumbi. Bendi nyingi hufanya mazoezi uwanjani saa kumi jioni, watoto 40 wanapiga miguu kwenye udongo mkavu, na mwenye kifua chepesi anavuta lile wingu ndani kabisa kwa sababu tumemfundisha kuvuta pumzi ndefu. Mwombe mwalimu wamwagie maji uwanja, au safu ya matarumbeta ikae upande unakotoka upepo. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, isifungiwe ofisini, na mwalimu ajue namna ya kuitumia. Kipimo chako wewe mzazi: akianza kuihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa, mrudishe kliniki. Usisubiri likizo.

Kuhusu TB nikutoe wasiwasi nusu. TB inasafiri kwa hewa, kutoka kifuani mwa mgonjwa anayekohoa. Haiambukizwi kwa kijiko wala kikombe, na kipulizio ni hivyohivyo. Chumba cha mazoezi kilichofungwa madirisha, ndani yake mtu mwenye TB ambaye hajaanza dawa, hicho ndicho cha kuogopa, tarumbeta liwepo lisiwepo. Nusu ya pili ni kwamba kuna mengine yanayopita kwa mate: mafua, vidonda vya koo, vile vipele vya homa vinavyotoka pembeni ya mdomo. Kwa hiyo watoto watatu kwa tarumbeta moja, sawa, shule zetu ndivyo zilivyo. Watoto watatu kwa kipulizio kimoja, hapana. Kinachomoka kwa sekunde na kinaenea kwenye mkebe wa hisabati. Kama unaweza kumnunulia kimoja tu kati ya vitu vyote wanavyokuambia ununue, nunua hicho kabla ya sare yenye mikufu ya dhahabu.

Kipulizio kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila baada ya mazoezi. Tarumbeta lote lioshwe walau mara moja kwa mwezi, maji yasiwe ya moto yasije yakalibandua rangi. Yale maji yanayotoka kwenye kitobo chake, watoto wanayaita mate, mengi ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji baada ya kugusa chuma baridi. Yakiachwa yakalala humo, ukungu unaota. Madaktari wameandika juu ya wapiga tromboni, lile tarumbeta kubwa la bomba la kuvuta, na wapiga zumari za mifuko waliokohoa kwa miezi, dawa zikishindwa, kumbe wanavuta ukungu wa ndani ya ala zao. Niliwahi kufungua tarumbeta lililokaa stoo likizo nzima, nikapitisha kitambaa, kikatoka na utelezi wa kijani kama wa mtungi wa zamani. Na kulikuwa na mtoto amelipuliza asubuhi ile.

Sasa masikio.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kama koa la konokono, limejaa maji, na ndani yake mna chembe hai zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ujumbe wa ubongo. Sauti kubwa inavilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mpunga. Upepo ukiwa wa wastani, mpunga husimama tena kesho yake. Huo mvumo wa friji anaousikia ni mpunga uliolala, na utulivu wa asubuhi ni mpunga uliosimama. Tatizo ni kwamba unalazwa siku nne kwa wiki. Kuna siku hausimami, na chembe hizo zikifa kwa binadamu haziotei nyingine. Utafiti kwa wanyama umeonyesha zaidi ya hapo: hata pale usikivu unaporudi kama zamani, baadhi ya miunganisho ya mishipa ya fahamu inaweza kuwa imeshapotea kimyakimya. Kwa hiyo "asubuhi huwa yametulia" hainitulizi mimi.

Vipimo wanavyotumia wataalamu wa afya kazini ni hivi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Sauti ya desibeli 85 sikio la mtu mzima linaivumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Bendi ya shule ikifungiwa ndani ya darasa, zile ngoma ndogo zenye waya chini, matuazi na matarumbeta kumi kwa pamoja, inapita 100 bila jasho. Chini sakafu ya saruji, juu bati, sauti haina pa kwenda. Mvua ikinyesha ndiyo wote tunakimbilia humo.

Sikio langu la kushoto linavuma mpaka leo ninapoandika. Kwa miaka sita, katika bendi niliyokuwa nikipiga, nilisimama safu ya mbele, na nyuma ya bega langu la kushoto alikuwa mpiga tromboni mwenye mapafu ya ng'ombe. Tulikuwa tunacheka nikimwambia ameniziba sikio. Hakuna aliyetuambia kitu, na mimi nikaja kuwapanga wanafunzi wangu hivyohivyo kwa miaka kadhaa kabla sijajua.

Yanayosaidia ni ya bei rahisi. Mazoezi makubwa yafanyike nje, maana uwanjani sauti inatawanyika badala ya kugonga ukuta na kurudi. Ngoma zijifunze peke yake, matarumbeta peke yake, wakutane nusu saa ya mwisho. Safu zipanuliwe, na watoto wabadilishane nafasi ili mmoja asiwe mbele ya tromboni muhula mzima. Vizibo vya sponji vinauzwa maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, vile wanavyovaa mafundi wa mashine. Unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu kidogo, unakiingiza, unakishika mpaka kivimbe. Pamba inazuia kidogo mno, inampa mtoto imani tu. Mwanzoni atalalamika kwamba anajisikia kama yuko chini ya maji. Atazoea.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya rufaa iliyo karibu, bila kungoja, endapo mvumo utapita siku nzima bila kuisha, ukiwa upande mmoja tu, akianza kusema "eeh?" kila unapomwita, akiongeza sauti ya televisheni, au sikio likiuma. Na hata asipokuwa na hayo, kwa ulivyonieleza ningetaka apimwe usikivu muhula huu, ili mwakani mwe na kitu cha kulinganishia.

Nigusie na kuanguka, maana utakuja kuliona kwenye gwaride na utashtuka. Mtoto akisimama wima kwa muda mrefu, magoti kayakaza, damu inajikusanya miguuni, kwa kuwa ni misuli ya miguu inayochezacheza ndiyo inayoirudisha juu. Ubongo unapungukiwa, anadondoka kama gunia. Wasiojua husema ana mapepo au hakula, na kweli wengine huwa hawajala. Mfundishe kulegeza magoti kidogo na kuchezesha vidole ndani ya kiatu. Anywe maji kabla ya sare kuvaliwa. Akianguka alazwe miguu juu, asisimamishwe kwa nguvu.

Nimemwacha mumeo kwa sababu yake si ya daktari. Anaposema wahuni, anarudia neno la zamani kuliko yeye. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za wazungu wakaanzisha ngoma yao, wakaiita beni, kutokana na hilohilo neno la bendi. Vilikuwepo vyama vyenye wakuu wao waliojiita Kingi na Jenerali, sare zao, na ushindani mkali. Marini na Arinoti ndivyo vilivyovuma zaidi, Marini wakijiona waungwana. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza na askari na wapagazi kutoka pwani hadi bara, mpaka Malawi ya leo. Wamisionari wengi waliiona ni upuuzi na baadhi ya maofisa wa kikoloni waliiogopa, kwa sababu vijana wa Kiafrika walikuwa wakijipanga wenyewe, na vyeo wakipeana wenyewe. Kwa hiyo hilo jina la uhuni lina historia, na mumeo asilibebe bure. Matarumbeta ya harusini ya leo, yale yanayopanda nyuma ya pikapu kumsindikiza bibi harusi mji mzima, ni kazi inayolisha familia. Polisi, Jeshi na Magereza wote wana bendi zao.

Lakini mumeo kuna mahali amepatia bila kujua, na hapa naomba mkae pamoja. Hizo Jumamosi za sherehe za watu. Mahafali ya shule jirani sina neno. Sherehe ya mtu binafsi, usiku, bia zinatembea, mabinti wa miaka 13 wamevaa sketi za gwaride, mwalimu mmoja wa kiume na dereva, hapo nina neno. Nani anawasindikiza? Kuna mwalimu wa kike? Wanarudi saa ngapi, na kila mtoto anafikishwa wapi? Fedha ya kukodi bendi inaandikwa kitabu gani? Nimeona bendi za watoto zikigeuzwa mradi wa mtu, watoto wanapewa soda na maandazi, bahasha inaondoka na mwingine. Shule yenye majibu itakujibu bila kukunja uso. Isiyo nayo itakuambia unamrudisha mtoto nyuma.

Uliza pia wanafunzi wapya wanakaribishwaje kwenye bendi. Watoto wetu wanatazama kwenye simu bendi za vyuo vya Wamarekani weusi, magoti yanapanda kifuani, na kwa kweli ni raha kuziangalia. Moja ya maarufu kabisa, ya chuo cha Florida A&M, mwaka 2011 kiongozi wake mmoja wa gwaride alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi, katika mchezo wao wa kumkomaza mtu. Bendi ilisimamishwa hadi 2013. Huku kwetu huanza kwa kidogo: fomu wani abebe ngoma za kaka zake, afue sare zao, apigwe fimbo akikosea hatua. Muulize binti yako taratibu, mkiwa mnachambua mchele, si kwa kumweka kiti cha mahakama.

Masomo hukuuliza lakini najua limo. Usikubali kuambiwa kwamba tarumbeta litamwongezea akili ya hesabu. Tafiti hazijakubaliana na mimi mwenyewe nimefundisha wapigaji hodari waliofeli. Kinachohesabika ni saa. Siku nne ni nyingi kwa anayeanza, midomo yenyewe haihitaji mazoezi mazito kiasi hicho. Mbili za bendi nzima, na dakika 20 nyumbani kwa kipulizio tupu, zinamtosha mpaka afike kidato cha pili.

Mimi nisingemtoa. Ningembakiza kwa masharti: kipulizio chake, vizibo masikioni, siku zipungue, sherehe za usiku hapana. Tazama mpaka mwisho wa muhula. Shule ikikataa yote manne, hapo mtoe, na umtafutie kwaya ya matarumbeta ya kanisani au mwalimu wa mtaani, maana mtoto anayelipenda tarumbeta namna hiyo akinyang'anywa moja kwa moja hukumbuka.

Jumatatu nenda shuleni saa ya mazoezi, usijitangaze. Simama karibu na ngoma ndogo, nyosha mkono mpaka umguse mwenzako bega, kisha mwambie jambo kwa sauti yako ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, zungumza na mwalimu jioni hiyohiyo, kabla ya kuulizia sare wala nauli. Na mchukue bibi. Akishamsikia mjukuu wake anapiga wimbo wa taifa, nyumbani mtabakiwa na kazi ya kumzuia asitangaze mtaa mzima.